Sura ya Nne: Mbele ya Nani?

"Hivi hawa watoto wa siku hizi hawana haya kabisa?"

Swali hili nimelisikia kwenye daladala, msibani, kwenye foleni ya benki, na safari moja kutoka kwa fundi aliyekuwa juu ya bati la nyumba yangu akifunga dishi. Yeye hakungoja nijibu. Alilipiga dishi konzi, akasema, "Mharibifu mwenyewe huyu hapa." Kisha akakaza skrubu ya mwisho na kuniuliza kama chaneli zote zinaonekana.

Zilikuwa zinaonekana. Nikamlipa.

Sura hii ni jibu ambalo ningempa siku ile kama jua lisingekuwa kali. Naamini fundi alikuwa na hoja, ila kesi aliifungua kwa kosa lisilo lenyewe. Mambo ya chumbani watu waliyajua, waliyafanya na waliyasema, tena kwa ufundi mkubwa, kabla ya waya wowote kupita juu ya bati. Swali lililowashughulisha wazee wetu lilikuwa: yanasemwa mbele ya nani? Hapo ndipo televisheni ilipoleta kizaazaa.

Kikohozi cha baba

Nyumbani kwetu Dar es Salaam televisheni iliingia nikiwa shule ya msingi. Ilikuwa ya chogo, yaani yenye kisogo kirefu nyuma, na mama aliivalisha kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Ikizimwa, inafunikwa. Ikiwashwa, kitambaa kinapandishwa juu kama shela ya bibi harusi. Hata chombo chenyewe kilikuwa na stara! Baba alikaa kwenye kiti chake, mama kwenye kochi, sisi mkekani, na majirani na watoto wao popote palipobaki nafasi, mpaka mlangoni.

Halafu, katikati ya tamthilia, mwanamume na mwanamke wangesogeleana. Muziki ungelegea. Hapo baba alikohoa.

Kikohozi kile hakikuwa na mafua wala homa. Kilikuwa tangazo. Mama alikumbuka sufuria jikoni. Dada alianza kukagua kucha zake. Mimi nilitumwa: "Hebu niletee maji," na nilijua ninatakiwa kwenda polepole. Nikirudi na glasi, wale wawili kwenye kioo walikuwa wamekwisha vaa na wanakunywa chai.

Mle sebuleni hakuna aliyekuwa hajui kinachoendelea. Baba na mama walikuwa na watoto watano, na hatukuletwa na posta. Dada alikuwa na barua za mvulana chini ya godoro, nilizisoma. Mama, siku mbili kabla, alikuwa uani na mashoga zake wakicheka maneno ambayo nikiyaandika hapa mchapishaji atayafuta. Kila mmoja wetu, akiwa peke yake au na wa rika lake, angetazama asipepese jicho. Kilichomkohoza baba ni ule mkusanyiko: yeye na binti yake wanatazama kitu kimoja, dakika ileile, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anakiona.

Maneno tunayoyachanganya

Tukilalamika kwamba "aibu imekwisha", huwa tunatia kwenye kapu moja vitu ambavyo Kiswahili kimevitenganisha vizuri sana. Vinne ndivyo nitakavyovitumia:

- *Haya* ni breki ya ndani. Inakukamata kabla hujatenda, na unaweza kuiona bila kosa lolote. Bibi harusi anaona haya, na hajaiba kitu.
- *Aibu* ni doa. Neno lenyewe tumelichukua kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya kasoro. Doa hilo huenea: mtoto akilipata, ukoo mzima unafua.
- *Fedheha* ni aibu iliyotoka barabarani. Anayeiba sadaka ana aibu tangu siku ya kwanza. Siku akikamatwa ndipo anafedheheka, au kama wasemavyo vijana, anaumbuka.
- *Stara* ni kifuniko: nguo, pazia, mlango, au mtu anayeijua siri yako akanyamaza. Waliosema aibu ya maiti aijuaye mwosha walikuwa wanamsifu mwosha kwa kufunga mdomo.

Kuna na la tano, *soni*, ambalo siku hizi tunalikuta zaidi kwenye mashairi. Hili ni la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa. Waganda wanasema *ensonyi*. Wakikuyu wanasema *thoni*, na kutoka hapo wanapata *muthoni*, yaani mkwe. Mkwe, kwa maana hiyo, ni yule unayemwonea soni. Ukoo wa ndoa umepewa jina la haya!

Mkwe huku, mtani kule

Neno hilo moja linafungua ramani nzima. Katika jamii nyingi za ukanda wetu mwanamume hakuketi kula na mama mkwe wake, na wakikutana njiani mmoja aliacha njia. Hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake. Uhusiano wenyewe ulidai umbali, na umbali huo ndio uliokuwa heshima.

Upande wa pili wa ramani walikaa watani. Mtani, kwa asiyejua, ni mtu ambaye mila inamruhusu akutanie, hata akutukane, na huna ruhusa ya kukasirika. Babu na mjukuu wake ni watani. Ndiyo maana bibi humwita kijana wa miaka sita "mume wangu" na hakuna anayeita polisi. Mabinamu ni watani. Msukuma na Mzaramo ni watani. Msibani mtani anaweza kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake na kusema siri ambazo mwanawe wa kumzaa asingethubutu kuzitaja, na waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Katikati ya mkwe na mtani kulikuwa na vyumba vingine vingi, na kila kimoja kilikuwa na lugha yake. Unyagoni kungwi alimfundisha mwari mambo ya mwili na ya ndoa waziwazi, kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa mifano ya kuonyesha. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini wanawake wengi wa kisiwani walimjua pia kwa unyago. Kina mama walirushiana vijembe kwa maandishi ya khanga. Aliyesemwa alijua kasemwa, ila hakuwa na ushahidi wa kupeleka kwa mjumbe.

Kwa hiyo anayesema "zamani mambo haya hayakuzungumzwa" huenda anasema kweli kwa chumba alichokuwa yeye. Mara nyingi alikuwa mtoto, na watoto walikuwa wamefukuzwa wakacheze nje.

*Kwa ufupi:* haya ya zamani haikuuliza tu jambo gani linasemwa. Iliuliza nani anasema, wapi, na nani yuko karibu. Jambo lilelile lilikuwa somo unyagoni, kicheko kwa mtani na laana mbele ya mkwe.

Kabla ya dishi kulikuwa na bugaluu

Nimwulize fundi wangu jambo moja. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua vilipigwa vita Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Vijana wa chama waliwasimamisha wasichana njiani wakiwakagua magoti. Mashindano ya urembo nayo yalipigwa marufuku miaka hiyohiyo. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, wala haikukipata mpaka mwaka 1994. Nani alikuwa amewaharibu watoto wa mwaka 1968?

Walioonekana wameharibika wakati ule ndio babu na bibi wa leo. Picha zao tunazo: suruali za bugaluu, pana chini kama mabawa, viatu vya raizoni, nywele kama mwavuli. Ni haohao wanaokaa leo sebuleni na kuuliza kama mjukuu kaishiwa kitambaa.

Na liko jambo la pili. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Kenya ilianza kurusha matangazo mwaka 1962. Kama dishi ndilo linaloua haya, basi Unguja ingekuwa imeishiwa miaka 20 kabla ya Bara. Nendeni mkaulize Mji Mkongwe.

Lakini nisimwonee fundi. Kituo kimoja cha serikali, kinachofungwa usiku kwa wimbo wa taifa, hakilingani na chaneli mia za kulipia. Mwaka 1994, vituo binafsi vilipofunguliwa Bara, nani achague cha kutazamwa lilikuwa tayari ni suala la biashara. Mwaka huohuo Miss Tanzania ilirudi. Wasichana walipita jukwaani na vazi la ufukweni, jambo ambalo miaka 25 nyuma lingewafikisha kituoni, na safari hii picha ziliingia mpaka chumbani kwa shehe na kwa mchungaji.

Kuta zinapoanguka

Tamthilia zilikuja kwa mawimbi: za Amerika ya Kusini zenye warithi waliopotezwa hospitalini, Isidingo ya Afrika Kusini kupitia ITV, za Nigeria, kisha za Kituruki. Iliyonifundisha zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya Kichina. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu binti anayeitwa Mao Doudou na mama wakwe zake. Nilikuwa nikienda kuitazama kwa jirani ili nione watazamaji. Kwenye kioo mkaza mwana anabishana na mavyaa wake, anamjibu, anamkunjia uso, na bado jioni wanakula meza moja. Kwenye kochi alikaa mama mwenye nyumba na pembeni yake mke wa mwanawe, kilemba kimefungwa vizuri, macho chini. Hawakusema neno. Ila mkaza mwana alikuwa anatabasamu kwa upande wa uso ambao mavyaa hakuuona, na mimi niliuona.

Kile ambacho angekisema kwa shoga yake tu, kikisindikizwa na maji ya bombani ili kisisikike, sasa kilisemwa kwa sauti, kwa Kiswahili, baina yao wawili. Hakuna aliyekosa adabu. Ukuta ulikuwa umeanguka wenyewe.

Ngoma ya baikoko ya Tanga nayo ina kisa chake. Ni ngoma ya wanawake, ya kiuno hasa, na ndani ya ua wa wanawake ilikuwa na kazi inayoeleweka. Ilipopanda jukwaani mbele ya mseto wa watu, ikarekodiwa na kuuzwa, viongozi wakaanza kuikataza hadharani. Mwaka 2016 serikali ilifungia video ya wimbo wa Chura wa Snura kwa sababu ya uchezaji wa namna hiyo. Kelele zilizofuata zilikuwa kana kwamba viuno vimevumbuliwa wiki ile.

Nilimwonyesha bibi yangu mzaa mama kipande cha ngoma kama hiyo. Nilitegemea ang'ake. Alitazama kama fundi cherehani anavyotazama mshono wa mwenzake. "Viuno wanajua," alisema. "Huyu wa kushoto ana haraka." Kamera ilipogeuka ikaonyesha wanaume wamesimama na chupa mikononi, ndipo akageuza uso. "Na hawa nao? Nani kawaita?"

Hapo ndipo haya yake ilipokuwa. Mimi niliitafuta kwenye kiuno.

Serikali zinajua kuta zimeanguka, na zimejaribu kujenga ukuta wa saa. Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku virushwe vipindi vinavyofaa watu wote, na mambo ya wakubwa yangoje watoto walale. Ni wazo zuri kwa nchi ambayo watoto wanalala saa 4 na wana chumba chao. Kwa familia inayolala na televisheni kwenye chumba kimoja cha kupanga, saa 4 usiku ni saa kama nyingine, ila sauti inapunguzwa.

Aibu zilizozaliwa kwenye kioo

Tunahesabu haya zilizokufa na kusahau zilizozaliwa. Utotoni kwangu mtoto kutumwa chumvi kwa jirani halikuwa jambo; bakuli lilienda na kurudi, na huenda lilirudi na kipande cha muhogo. Leo mama anaona afadhali mchuzi uwe dufu kuliko jirani ajue kaishiwa. Nadhani tulianza kubadilika siku tulipoanza kuona sebule za watu tusiowajua. Zamani nyumba nilizoziingia zilifanana na yetu. Kisha zikaja filamu za Nigeria na, baadaye, za Bongo, zilizopigwa kwenye majumba ya kukodi yenye ngazi za ndani, jokofu la milango miwili na sofa la ngozi ambalo hakuna mtoto anayelirukia. Umaskini ambao ulikuwa hali ukageuka doa. Watu wakaanza kukutana na wageni barazani.

Mwili nao ukapata kesi mpya. Matangazo ya biashara yalitufundisha kuona haya kwa meno, kwa kwapa, kwa chunusi, kwa weusi wenyewe, na mkorogo, yaani krimu za kujichubua, ukauzwa. Lafudhi ikafuata. Mchekeshaji akitaka kicheko cha haraka anaongea kama mtu wa mkoa fulani, na mtoto wa mkoa huo anajifunza kuificha shuleni. Hizi ni haya za kweli, zinaumiza, na hakuna mzee aliyeandamana kuzipinga.

Doa linapobadilishiwa mwenyewe

Katika hili simuungi mkono fundi hata kidogo. Miaka ya mwanzo ya ukimwi tulizika watu waliokufa kwa "kifua" na "malaria ya muda mrefu", na wajane wakabaki na maswali ambayo hawakuwa na ruhusa ya kuuliza. Redio ilitangulia: mchezo wa Twende na Wakati ulianza mwaka 1993 na dereva wake wa lori, Mkwaju, akawa jina la mfano nchi nzima. Televisheni iliongeza kitu ambacho redio haikuwa nacho, yaani uso. Mtu aliketi mbele ya kamera akasema anaishi na virusi, na alikuwa amenenepa, amevaa vizuri, anacheka.

Vivyo hivyo kwa kipigo. Mwanamke aliyevimba jicho alisema kaangukia mlango, na sisi tukamsifu kwa stara. Stara ya nani? Iliyofunikwa pale ilikuwa ngumi ya mume. Wanawake walipoanza kuyasema hayo kwenye vipindi vya asubuhi, baadhi ya wazee waliona fedheha imeingia ndani ya nyumba. Mimi naona ilikuwemo siku zote, ila ilikuwa imebebeshwa mtu asiye mwenyewe. Wahenga wenyewe walishasema mficha uchi hazai.

Kuta, hata hivyo, hazianguki bila vumbi. Machi 2013 Kenya ilirusha tangazo la kondomu ambamo mwanamke wa ndoa, akiwa sokoni, anashauriwa na mwenzake ajikinge na mpango wake wa kando. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walipaza sauti pamoja, jambo lisilotokea kila siku, na tangazo likaondolewa. Mazungumzo yale, wanawake wawili na fungu la nyanya, yanafanyika kila siku kwenye masoko yetu yote. Tatizo ni kwamba safari hii mume alikuwa sebuleni.

Ukivuliwa nguo

Methali inasema ukivuliwa nguo, chutama. Ni ushauri wa haya kabisa: likishakupata, jikunyate, jifiche unachoweza, ngoja wapite.

Televisheni imeleta kundi lisilochutama. Mwaka 2003 Big Brother Africa iliwafungia vijana 12 wa nchi 12 kwenye nyumba moja yenye kamera mpaka bafuni. Bunge la Malawi lilipitisha kipindi hicho kisirushwe, na mahakama ikaja kulitengua zuio hilo. Mwaka 2007 mshindi alikuwa Mtanzania, akaondoka na dola 100,000, na wengi waliokuwa wakisema "ni aibu kwa taifa" walijikuta wanasema "kijana wetu". Kwenye Bongo Star Search vijana waliimba vibaya mbele ya majaji, wakachekwa na nchi nzima, na mtaani wakawa mashujaa wa wiki.

Kutoka hapo tumepata neno *kiki*, yaani kelele za makusudi za kumfanya mtu azungumzwe. Siri ya mtu maarufu ikivuja leo, swali la kwanza ni kama ameivujisha mwenyewe. Anaita waandishi, anavaa vizuri, anaomba radhi, na wiki ijayo ana wimbo mpya. Fedheha imekuwa mtaji. Hili, nakiri, linanitisha kuliko busu lolote, kwa sababu fedheha ilikuwa fimbo pekee ambayo mnyonge alikuwa nayo dhidi ya mkubwa. Kiongozi aliyekula fedha za kijiji aliogopa kuimbwa. Asipoogopa tena, tumchape na nini?

Lakini kwamba vijana hawana haya, hapana. Binti yangu ana miaka 16 na mlalamikiwa wake ni bibi yake. Bibi ana simu, na kwenye status ya WhatsApp ameweka picha ya shangazi akiwa wodini na mpira wa dripu mkononi, picha ya jeneza likiwa wazi, na picha ya binti mwenyewe akiwa na miaka mitatu, anaoga kwenye beseni. "Bibi hana haya," aliniambia, akilia kweli. "Hata hakuniuliza." Bibi hakuelewa kosa liko wapi. Ni mjukuu wake, ni mtani wake, na wanaotazama ni ndugu tu. Binti alikuwa amewahesabu hao ndugu tu: walikuwa 214.

Na kikohozi? Nilidhani kimekufa na baba. Nyumbani kwangu televisheni ni bapa, iko ukutani, haina kitambaa, na mara nyingi inajitazama yenyewe kwa kuwa kila mtu yuko kwenye simu yake. Juzi usiku nilikuwa naitazama, binti kwenye kochi, mdogo wake wa miaka 12 chini kwenye zulia, wote vichwa chini. Kwenye kioo muziki ukalegea, mwanamume akamsogelea mwanamke, na kabla sijafikiri nikajisikia nakohoa.

Binti akaanza kukagua kucha zake. Mvulana hakuinua hata kichwa.

"Maji yapo hapo pembeni yako, baba," alisema.